Mshono Uliomeza Mtaa

Unaujua mtaa huu, usijifanye mgeni. Ulipita hapa ukiwa na miaka sita, kandambili mkononi, unaruka dimbwi la bomba. Ulipita hapa siku ile mvua ilipokukamata na nguo za kazini, ukajibanza chini ya bati la fundi, ukasema "asante mama" bila kumwangalia usoni, ukaenda zako. Juzi umepita tena. Umeona matofali yamerundikwa mpaka usawa wa dirisha yakingoja waashi, umeona tangazo limebandikwa mlangoni, na ukafanya kile unachokijua kuliko kazi yoyote uliyosomea: ukainamia simu yako.

Wala si mara ya kwanza. Bomba lilipong'olewa ulisema maji yapo kwingine. Kiwanja cha watoto kilipogeuzwa maegesho ya malori ulisema wakubwa wana mipango yao. Ukuta wa reli umesogea hatua moja kila mwaka, kama mtu anayevuta shuka usingizini, na wewe ukasema pengine ulikuwa pale pale tangu zamani. Kuna watu wenye kumbukumbu, na kuna watu wenye shingo nyepesi kugeuka. Hiki ni kisa cha mmoja wa wale wa kwanza. Kisome mpaka mwisho, maana mwishoni kuna kazi yako.

Wateja walimpa jina la Bi Pindo, kwa sababu haijawahi kutoka suruali mikononi mwake ikafumuka pindo. Ana miaka sitini na minne, miwani iliyofungwa mkono mmoja kwa uzi mweusi, na utepe wa kupimia shingoni hata akienda msibani. Duka lake ni chumba kimoja: cherehani ya miguu, meza ya kukatia iliyochakaa ukingoni, mabaki ya vitambaa ndani ya magunia matatu. Nyuma ya pazia kuna kitanda chake. Nyuma ya kitanda kuna ukuta wa jirani. Mlango ni mmoja tu, unafunguka kwa nje, na unatokea mtaani. Huo mlango ndio pua ya nyumba. Ukiziba pua, unajua kinachofuata.

Tangazo lilisema hivi: mwenye bohari, ambaye kwa miaka michache alikuwa amenunua nyumba zote za upande wa pili, amepewa kibali cha kujenga ukuta kwenye mpaka wa kiwanja chake. Mwenye pingamizi alilete ndani ya siku thelathini. Na mpaka wenyewe, ili kila mtu auone, walikuwa wameuchora chini kwa chokaa.

Bi Pindo alivua utepe shingoni, akapiga goti, akapima kutoka kizingiti chake mpaka kwenye chokaa. Inchi kumi na saba. Mlango wake una upana wa inchi thelathini na mbili.

"Kwa hiyo nitatoka kwa ubavu," alimwambia kinyozi wa mlango wa pili. "Kama kaa."

"Afadhali wewe mwembamba," kinyozi akajibu. "Mimi na tumbo hili itabidi niamue mapema kama niko ndani au nje."

Walicheka, maana mtu hucheka kwanza. Kisha wakahesabu milango iliyokuwa upande ule wa chokaa. Kumi na mitatu.

*

Ofisi ya ramani iko ghorofa ya pili, juu ya ngazi zilizoliwa katikati kwa miguu ya watu walioambiwa warudi kesho. Afisa wake wanamwita Bwana Ramani. Ni mtu safi, mpole, shati limenyooka. Bi Pindo aliona mara moja kwamba kola imegeuzwa ili upande uliochakaa ufichike, na kazi hiyo haikufanywa vibaya.

"Nionyeshe mtaa wenyewe, mama," alisema, akamsogeza mbele ya ramani kubwa ya mji iliyotundikwa ukutani ndani ya kioo.

Bi Pindo alifuata kwa kidole. Akaipata reli. Akalipata soko. Akaipata bohari, na pale pale, ubavu kwa ubavu kama watoto waliolazwa kitanda kimoja, akaiona nyumba yake. Katikati yake hapakuwa na kitu. Mstari mmoja mwembamba, basi.

"Mtaa haupo," alisema.

"Ndiyo ninachokwambia."

"Nimetoka huko sasa hivi. Nimeutembea kwa miguu yangu."

"Umetembea kwenye kiwanja cha mtu, mama."

"Miaka arobaini?"

"Basi miaka arobaini umeingia kwa mtu bila hodi. Shukuru hajakushtaki." Alitabasamu kidogo, kisha akaona halikuwa jambo la kutabasamu. "Sikiliza. Ramani ndiyo sheria. Lakini kanuni inaruhusu wakazi wanaoukumbuka mtaa walete maelezo. Jina la mtaa, ulianza lini, nani alikuwa wapi. Kila mtu aandike mwenyewe, kwa mkono wake, asiandikiwe."

Kila mtu kwa mkono wake. Hapo ndipo balaa lilipovutiwa kiti likakaribishwa.

*

Walikutana dukani kwa Bi Pindo Jumapili alasiri. Alikuwepo kinyozi. Alikuwepo mjane wa mwokaji, bibi wa miaka themanini na moja, mkazi wa zamani kuliko wote. Walikuwepo na wengine wa milango ile kumi na mitatu, waliokaa juu ya magunia ya mabaki. Na alikuja kaka yake Bi Pindo, ambaye mji mzima unamwita Mzee Bahasha: alipeleka barua kwa miguu miaka thelathini na mmoja, na sasa anaishi ng'ambo ya reli na magoti yanayolia kama bawaba.

Lengo lilikuwa kukumbuka. Ungedhani ni jambo la heri.

"Tuanze na bomba," alisema Bi Pindo. "Bomba la maji lilikuwa wapi?"

"Kushoto," alisema Mzee Bahasha.

"Kulia," wakasema watatu kwa pamoja.

"Kushoto, ukitokea posta."

"Kwani kila mtu alizaliwa posta?" akauliza mjane. "Mimi natokea nyumbani kwangu, na ukitokea kwangu lilikuwa kulia."

"Bibi, wewe nyumba yako inatazama reli."

"Ndiyo. Na bomba lilikuwa kulia. Nimelibebea ndoo mimi, wewe ulikuwa unalipita na mkoba."

Waligombana juu ya bomba saa nzima. Wakagombana juu ya mti uliokatwa, kama ulikuwa mmoja au miwili. Wakagombana mwaka gani taa ya barabarani ilivunjwa na nani aliyeivunja, na kinyozi, ambaye ndiye aliyeivunja akiwa na miaka tisa, alikana mbele ya mashahidi wanne. Bi Pindo alikuwa na daftari mbele yake. Mwisho wa saa ya pili alikuwa ameandika neno moja, "bomba," na mbele yake alama ya kuuliza.

"Basi jamani," alisema, "kila mtu aandike anavyokumbuka yeye. Msisahau jina la mtaa."

Kinyozi aliandika Mtaa wa Vinyozi, kwa sababu baba yake ndiye wa kwanza kutundika kioo hapa. Mjane alichungulia karatasi yake akaguna.

"Kinyozi mmoja ndiyo mtaa wa vinyozi? Huu ni Mtaa wa Tanuri. Watu walikuwa wanaufuata kwa pua."

Mzee Bahasha aliandika Njia ya Posta, akapigia mstari. Wengine wakaandika Kwa Bomba. Na Bi Pindo, ambaye nisingependa kumsema lakini ukweli hauna ndugu, alipofika kwenye mstari wa jina hakufikiri hata kidogo. Aliandika alivyozoea kuuita tangu alipofungua duka: Mtaa wa Mafundi.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Hilo ndilo linaloudhi. Kila mmoja aliuita mtaa kwa mlango alioingilia, na hakuna aliyewahi kumsahihisha mwenzake, kwa kuwa ukisema "nakuja mtaani" kila mtu alijua unakuja wapi.

Bwana Ramani alizipanga karatasi mezani moja baada ya nyingine kama mtu anayepanga karata mbaya.

"Vinyozi. Tanuri. Posta. Bomba. Mafundi." Aliinua macho. "Mama, mara ya kwanza ulikuja na mtaa mmoja usiokuwepo. Leo umeniletea mitano."

"Ni huo huo mmoja."

"Nani anathibitisha kuwa ni huo huo?"

Mahali penye wengi haliharibiki neno, wanasema. Aliyesema hivyo hakuwahi kukaa na wale watu Jumapili alasiri.

*

Siku ya kumi na tisa ilikuwa imeshakatika. Bi Pindo hakutaka Bwana Ramani aone macho yake, kwa hiyo aligeuka, akasimama akiitazama ile ramani ya ukutani. Hakuwa anatafuta kitu. Hasira ilikuwa imemjaa mpaka kwenye vidole, na mtu mwenye hasira hutazama kile kilicho mbele yake, basi.

Mbele yake kulikuwa na miraba. Ramani nzima ilikuwa imechorwa mistari ya kusimama na ya kulala, ikakatwa miraba kama kitambaa cha sare za shule. Na miraba, kwa fundi, haina mchezo. Alipokuwa mwanafunzi, mwalimu wake alimfumulisha gauni moja mara sita kwa sababu miraba ya upande wa kushoto haikukutana na ya kulia pale kwenye mshono. "Kitambaa hakidanganyi," alimwambia. "Mraba ukipungua, jua mkono wa mtu umepita hapo."

Kwenye ramani ile, safu moja ya miraba ilikuwa nyembamba kuliko nyingine zote.

Alivua utepe shingoni.

"Mama, usiguse kioo," alisema Bwana Ramani.

"Inchi mbili," alisema Bi Pindo, akipima mraba wa kwanza. "Mbili. Mbili. Mbili." Alisogea upande. "Moja na nusu." Akasogea tena. "Mbili." Aligeuka. "Ramani yako ina mshono."

"Ramani haishonwi, mama."

"Hii imeshonwa. Kuna nusu inchi imeliwa. Na nusu inchi ndiyo kila fundi huacha kwa ajili ya mshono. Hapa inchi moja ni futi ngapi?"

Bwana Ramani alisoma pembeni, ingawa alikuwa anajua. "Hamsini."

"Basi nusu inchi ni futi ishirini na tano. Njoo na mimi mtaani nikuonyeshe futi ishirini na tano."

"Karatasi hunywea, mama. Joto, unyevu, miaka."

"Inywee mahali pamoja tu, kuanzia juu mpaka chini, na pawe ni mbele ya mlango wangu?"

Bwana Ramani alisimama, akaja kutazama mwenyewe.

"Hii ya ukutani imenakiliwa," alisema polepole. "Ya asili iko masjala. Na mwenye funguo leo hayupo."

Wewe unayesoma unalijua neno "hayupo." Bi Pindo alirudi kesho yake, mwenye funguo alikuwa kwenye mkutano. Akarudi keshokutwa, mkutano ulikuwa umezaa semina. Siku ya nne alipanda zile ngazi na kiti chake cha dukani begani, akakiweka mbele ya mlango wa masjala, akatoa sindano na suruali ya mteja, akaanza kupiga pindo. Watu waliruka miguu yake wakienda na kurudi. Hakuna aliyemuuliza anangoja nini. Hata humo, unaona, watu walijua kutazama pembeni.

Saa tano alitokea mwanamke mnene mwenye kikohozi cha vumbi na funguo kiunoni. Alimtazama Bi Pindo, akasimama.

"Si wewe uliyenipanulia sare nilipokuwa na mimba ya pacha?"

"Mara tatu," alisema Bi Pindo bila kuinua uso. "Ya tatu nilitia kitambaa cha pazia."

"Wako kidato cha nne sasa." Alichagua funguo. "Ingia, mama. Unataka nini?"

Ramani ya asili ililetwa juu ya ubao kama mgonjwa. Mtunza masjala alieleza alichokisikia kwa waliomtangulia: droo ilikuwa fupi, ramani ilikuwa ndefu, basi waliikunja katikati, na kwa kuwa kila aliyekuja aliifungua na kuikunja pale pale, karatasi ikachoka, ikakatika vipande viwili. Ndipo karani fulani, mtu wa kujitolea, asiyetaka usumbufu, akachukua gundi, akapandisha ukingo wa kipande kimoja juu ya ukingo wa kingine, akabandika kitambaa nyuma, akapiga pasi. Kazi imara. Mwaka uliofuata mtu akanakili kilichoonekana. Nakala ikapigwa muhuri. Nyingine zote zimetoka kwenye hiyo.

Bi Pindo aliinamisha uso mpaka miwani ikakaribia karatasi. Gundi ilikuwa imekauka, imegeuka unga. Ukingo wa juu ulikuwa umejiinua wenyewe kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

"Usifumue!" alisema mtunza masjala.

"Sifumui, mwanangu. Nachungulia."

Aliinua kwa ncha ya sindano. Chini ya ule ukingo, upana wa nusu inchi, kulikuwa na mistari miwili myembamba inayokwenda sambamba kutoka reli mpaka sokoni. Kulikuwa na alama ndogo za mtaro. Kulikuwa na duara, na ndani ya duara nukta: bomba. Upande wa kushoto ukitokea posta. Kaka yake alikuwa sahihi, na hilo nalo likamuudhi.

Katikati ya mistari ile miwili mpima ardhi wa zamani alikuwa ameandika neno moja kwa wino wa kahawia. Hakuandika Vinyozi, wala Tanuri, wala Mafundi. Aliandika: njia.

Hapo Bi Pindo alilia, tena kwa sauti, na mtunza masjala akaifunika ramani isilowe.

*

Bwana Ramani alipoletwa na kuonyeshwa, alichungulia chini ya ukingo mara tatu. Kisha akakaa kwenye kiti cha Bi Pindo.

"Kiwanja cha bohari kwenye ramani kina futi themanini," Bi Pindo alimwambia. "Chokaa aliyomwaga inampa mia na tatu na nusu. Futi zangu ishirini na tatu na nusu, na za jirani zangu, na za kila anayepita."

"Mbona mtaa ni futi ishirini na tano?"

"Ameniachia inchi kumi na saba za kutokea, na mtaro wa upande wangu ameukata nusu. Umepima wewe? Mimi nimepima. Nenda ukapime uniletee jibu lako, na mimi nitalisoma."

"Sina shaka, mama. Nimeiona kwa macho yangu." Alijipangusa uso. "Lakini macho yangu hayana muhuri. Yenye muhuri ni nakala. Kuibadilisha kuna fomu."

Fomu ilitaka mambo mawili. La kwanza, njia itambulishwe bila utata. La pili, mashahidi kumi na wawili wenye vitambulisho, waliopita njia hiyo kwa miaka kumi au zaidi, na ambao *hawaishi* hapo. Wakazi hawahesabiwi. Wakazi wana maslahi.

"Kwa hiyo anayezibiwa mlango hatoi ushahidi wa mlango?" aliuliza Bi Pindo.

"Kanuni sikuitunga mimi, mama."

"Hakuna anayezitunga. Zinaota zenyewe kama fangasi."

Mwisho wa siku thelathini ulikuwa Ijumaa saa tisa alasiri. Zilikuwa zimebaki siku tano za kazi.

Alikwenda kwanza ng'ambo ya reli. Mzee Bahasha alisoma fomu yote, akaivua miwani.

"Hapa kwenye jina umeandika 'njia.' Njia ipi?"

"Njia tu, kaka. Ndivyo ilivyo kwenye ramani. Kinyozi amenuna, mjane amenuna, mimi mwenyewe nimenuna. Lakini tumekubaliana."

"Mimi sitii saini njia isiyo na jina. Miaka thelathini na mmoja nimeipelekea barua. Barua haiendi pasipo jina, mdogo wangu."

"Na zilizoandikwa Mtaa wa Tanuri ulizipeleka wapi?"

"Pale pale."

"Na Mtaa wa Vinyozi?"

"Pale pale. Kuna mtu mmoja alikuwa anaandika 'kwa fundi mkali,' hiyo nayo pale pale."

"Na nani alikwambia kuwa yote ni mtaa mmoja?"

"Nani aniambie? Nilikuwa najua mwenyewe."

Mzee Bahasha aliivaa miwani tena. Bi Pindo alikuwa ameshatoa kalamu.

"Basi ndilo hilo uandike," alisema. "Kwamba ulikuwa unajua."

Aliandika ukurasa mzima kwa ile hati yake ya kulalia mbele, majina yote matano na la sita, "kwa fundi mkali," na kwamba kwa kiapo cha mtu asiyewahi kurudisha barua posta, yote yalikuwa ni njia moja. Akatia saini. Shahidi wa kwanza.

"Na bomba?" aliuliza.

Bi Pindo alivuta pumzi. Miaka arobaini ya ubishi. "Lilikuwa kushoto, kaka."

"Andika hiyo pia," alisema Mzee Bahasha, na akamsindikiza mpaka relini kwa magoti yale yale.

*

Jumatatu walipatikana mkunga na dobi. Jumanne, mwalimu mstaafu, muuza magazeti, fundi baiskeli, na mtunza masjala mwenyewe, ambaye alisema kama watamfukuza kazi angalau atapona kikohozi. Saba.

Sasa waulize na wale wengine. Kuna yule aliyeshonewa gauni la harusi na Bi Pindo, akaingia nalo ukumbini watu wakasimama. Alisema, "Bi Pindo, nakupenda, lakini nisingependa kuonekana."

"Kuonekana na nani?"

"Hivyo tu. Kuonekana."

Kuna yule wa duka la vipuri anayekatiza hapa kila siku ya Mungu mara mbili, miaka kumi na minane. Alisema hakumbuki vizuri. Kuna aliyesema atamuuliza mumewe, na mumewe aliyesema atamuuliza mkewe, na wote wawili wanalala chumba kimoja. Kuna aliyesema mwenye bohari ni shemeji wa bosi wake. Kuna aliyesema, "Mtakuwa mmeshapata wa kutosha," akamtakia Bi Pindo kila la heri, kana kwamba kila la heri lina kitambulisho.

Leo ni Jumatano. Asubuhi, bila kungoja hiyo Ijumaa, waashi walifunga kamba kutoka kona ya reli mpaka kona ya soko, juu ya ile chokaa, wakamwaga msingi. Mpaka saa sita safu mbili za matofali zilikuwa zimekwenda nyumba nne. Mjane wa mwokaji alitolewa nje kwa kubebwa, maana mguu wake haupandi tena. Alipofikishwa barabarani alisema, "Nimeingia nyumba hii nikiwa bi harusi, nimebebwa. Sasa nimetoka nimebebwa. Sikujua ningetolewa nikiwa hai." Kinyozi alicheka, kisha akaingia ndani kwake akakaa huko muda mrefu.

Bi Pindo hakufunga duka. Kamba imepita mbele ya kizingiti chake na yeye anairuka, mara ya kumi leo, akiwa ameshika sketi kwa mkono mmoja. Ameisogeza meza ya kukatia mpaka mlangoni kabisa. Juu yake ipo fomu, imewekewa mkasi isipeperuke, na kalamu iliyofungwa kwa uzi mweusi kwenye mguu wa meza, kwa sababu anawajua watu. Saini saba. Mistari mitano mitupu. Kila mtu akipita anainua uso kutoka kwenye cherehani, na kila mtu akipita anainamisha wake.

Mistari mitano. Mwenye mlango haruhusiwi kuijaza. Wewe, uliyekuwa unapita tu, unaruhusiwa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yako kupita kwako kuna uzito wa muhuri. Usitafute mtu wa kumuuliza. Usiseme watapatikana wengine, kwa maana wengine nao wanasema hivyo hivyo kukuhusu wewe. Ujumbe uko mkononi mwako na kitambulisho kiko mfukoni mwako. Fomu inafungwa Ijumaa saa tisa, na waashi hawapumziki Alhamisi.

Weka chini karatasi hii. Vaa viatu. Ingia kwa upande wa soko, hapo bado hawajafika. Ruka kamba, msalimie mama, shika kalamu, andika jina lako. Nenda sasa hivi, wakati mlango bado unafunguka.